Chanjo za Saratani na Vibebaji Vyake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mgonjwa, ndugu anayemuuguza, na mwanafunzi wa afya aliyekutana na habari za "sponji inayotibu saratani" au "chanjo ya mRNA ya kongosho" akataka kujua kilichomo ndani yake. Si mbadala wa daktari wako.

Chanjo ya saratani ipo kweli, au ni habari za mitandaoni?

Ipo, ila kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna chanjo za kuzuia, anazopewa mtu mwenye afya yake. Chanjo ya homa ya ini B hukinga dhidi ya virusi ambavyo vikikaa mwilini miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Chanjo ya HPV hukinga dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, Uganda ikafuata 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Hizo hazina ubishi. Kama binti yako amefikia umri wake, mpeleke akachanjwe kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Aina ya pili ni chanjo za kutibu. Hizi hupewa mtu ambaye tayari anaugua, au aliyefanyiwa upasuaji na kuna hofu kwamba ugonjwa utarudi. Lengo ni kuufundisha mfumo wa kinga kuitambua seli ya saratani na kuishambulia. Huku ndiko kuliko na habari nyingi na dawa chache, na ndiko tutakakokaa zaidi.

Tiba ya kinga inatofautianaje na kemo?

Kemo huiua seli ya saratani yenyewe, na njiani huua na seli nyingine zinazogawanyika upesi, ndiyo maana nywele hunyonyoka. Tiba ya kinga inaielekeza kazi hiyo kwa chembe nyeupe za damu. Kundi lililofanikiwa zaidi ni dawa kama pembrolizumab na nivolumab, ambazo Marekani ilianza kuziidhinisha mwaka 2014. Zinaondoa kizuizi ambacho uvimbe hukitumia kuzilaza seli T, yaani zile chembe nyeupe za damu zinazoziua seli mbovu. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna vizuizi hivyo vinavyoweza kuondolewa.

Lakini ukiondoa kizuizi wakati mwilini hamna seli T hata moja iliyokwisha kuutambua uvimbe, umemfungulia mlango mtu asiyekuwepo. Pengo hilo ndilo chanjo inalotaka kuliziba, na ndiyo sababu majaribio mengi ya sasa huzitoa mbili hizi pamoja.

Bayomateriali ni nini hasa?

Ni kitu kilichotengenezwa ili kikae ndani ya mwili na kifanye kazi humo bila kuudhuru. Nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe ni bayomateriali. Nyonga ya bandia pia. Kwenye chanjo na tiba ya kinga, kazi yake ni kubeba dawa, kuilinda isiharibike njiani, kuifikisha panapotakiwa na kuiachia kwa mwendo unaotakiwa.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1926 Alexander Glenny, huko Uingereza, aliona kwamba chanjo ya dondakoo ikichanganywa na shabu inaamsha kinga kwa nguvu zaidi. Chumvi za alumini zinatumika hadi leo, zimo hata kwenye chanjo za HPV na za homa ya ini B. Tena chanjo ya HPV ni kazi nzuri ya kibebaji kwa namna nyingine: protini moja ya kirusi hujiunga yenyewe kuwa tufe dogo la nanomita 50 hivi, lisilo na vinasaba ndani. Mwili huliona kama kirusi kamili, na haliwezi kumwambukiza mtu.

Kwa nini dawa isidungwe tu bila kibebaji?

Kwa sababu itapotea. Kinga haifundishwi popote pale. Inafundishwa hasa kwenye tezi za limfu, zile za kwapani, shingoni na kinenani ambazo zikivimba tunaziita mitoki. Kipande kidogo cha protini kikidungwa peke yake, chini ya nanomita 10 hivi, hupenya kwenye mishipa midogo ya damu na kutawanyika mwili mzima. Kikiwa kikubwa sana, zaidi ya nanomita 100 hivi, hunasa palepale kwenye tishu na kungoja kubebwa. Vya kati ndivyo vinavyosombwa na maji ya limfu hadi kwenye tezi.

Halafu kuna suala la wakati. Chanjo ya saratani ina sehemu mbili: alama ya kumtambulisha adui, yaani antijeni, na kichochezi kinachouambia mwili kwamba hali ni ya hatari. Seli za dendriti ndizo zinazopokea vyote viwili na kwenda kuzifundisha seli T. Zikipokea antijeni bila kichochezi, zinaweza kuzifundisha seli T kuvumilia badala ya kushambulia. Dawa mbili nzuri, zikifika kwa nyakati tofauti, zinaweza kuleta matokeo kinyume na yaliyotakiwa.

Seli hizo za dendriti zilielezwa mwaka 1973 na Ralph Steinman na Zanvil Cohn mjini New York. Steinman mwenyewe aliugua saratani ya kongosho, akajaribu kwenye mwili wake chanjo zilizotengenezwa kwa seli zake. Alifariki Septemba 2011, siku tatu kabla ya kutangazwa mshindi wa Nobel. Sheria za tuzo hiyo haziruhusu kumpa marehemu, lakini kamati haikuwa na habari ya kifo chake, ikaiacha ibaki yake.

Hiyo sponji inayozungumzwa ni ipi?

Ili kuielewa, anza na Provenge, chanjo ya kutibu saratani ya tezi dume iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Chembe za damu za mgonjwa hutolewa, hupelekwa maabara, hufundishwa huko, kisha hurudishwa mwilini kwa dripu. Mzunguko huo hufanyika mara 3. Katika jaribio kubwa iliongeza maisha kwa wastani wa miezi 4 hivi, na ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa dola 93,000. Kisayansi ilikuwa hatua kubwa. Kwa mgonjwa wa kawaida, hata wa Marekani, ilikuwa mzigo.

David Mooney na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliligeuza swali: badala ya kuzitoa seli na kuzipeleka maabara, kwa nini maabara isiwekwe chini ya ngozi? Wakatengeneza kisahani cha sponji chenye ukubwa wa kidonge cha aspirini, kwa polima iitwayo PLG, jamii ileile inayotumika kwenye nyuzi za upasuaji zinazoyeyuka. Takriban asilimia 90 ya sponji hiyo ni matundu matupu. Ndani yake wakaweka vitu vitatu: protini ya GM-CSF inayoziita seli za dendriti, vipande vya DNA vinavyofanana na vya bakteria ili kuziamsha, na mabaki ya uvimbe wenyewe yaliyosagwa. Fikiria dema la wavuvi. Kuna chambo ndani, na seli huingia zenyewe kukifuata. Ila dema hili lina mlango wa kutokea, na seli hutoka zikiwa zimekwisha kufundishwa, zikaelekea kwenye tezi za limfu.

Matokeo ya panya yalichapishwa mwaka 2009. Panya wenye melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, ambao kwa kawaida wangekufa ndani ya siku 25 hivi walipewa dozi 2, na uvimbe ukaisha kabisa kwa nusu yao. Mwaka 2013 jaribio la kwanza kwa binadamu wenye melanoma lilianza katika taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston, na mwaka 2018 kampuni ya Novartis ilichukua leseni ya teknolojia hiyo.

Sponji hiyo haiuzwi popote kama dawa. Ukiona tangazo linalosema vinginevyo, unaibiwa. Na kuchelewa kwake si dalili ya njama za makampuni kuficha tiba, kama wengine wanavyopenda kusema. Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ni safari ambayo dawa nyingi haziimalizi.

Chanjo za mRNA zinaingiaje hapa?

mRNA ni maelekezo tu ya kutengeneza protini, na ni dhaifu mno: ikiachwa peke yake kwenye damu huharibiwa upesi. Kinachoipa uhai ni kibebaji chake, vipovu vya mafuta vidogo sana vinavyoifunika na kuiingiza ndani ya seli. Watu wengi wa Afrika Mashariki waliokubali chanjo za UVIKO-19 za Pfizer au Moderna wamekwisha kudungwa bayomateriali hiyo, wengi wao bila kuijua.

Kwa saratani, kazi ni ngumu zaidi kwa sababu uvimbe wa kila mgonjwa una mabadiliko yake ya vinasaba. Kampuni za Moderna na Merck husoma vinasaba vya uvimbe wa mgonjwa mmoja, huchagua alama hadi 34, kisha humtengenezea chanjo yake peke yake. Katika jaribio la watu 157 waliokuwa wamekatwa melanoma hatari, waliopewa chanjo hiyo pamoja na pembrolizumab walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa kurudi au kufa, kwa asilimia 44, kuliko waliopewa pembrolizumab pekee. Jaribio kubwa la awamu ya tatu lilianza 2023. Tukumbuke kwamba 157 ni watu wachache.

Ya kongosho, inayotengenezwa na BioNTech ya Ujerumani, ilijaribiwa kwa watu 16 katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Ripoti ya 2023 ilionyesha kuwa 8 kati yao walijenga seli T dhidi ya uvimbe wao, na kwa hao ugonjwa ulichelewa kurudi. Kinachonivutia hapa ni kibebaji. Vipovu vyake vimetengenezwa kwa namna kwamba vikidungwa kwenye mshipa huelekea zaidi kwenye wengu, ambako seli za kinga zimejaa. Kuna umeme kidogo katika kila kipovu, na kwa kupunguza au kuongeza umeme huo watafiti waliweza kubadilisha kiungo kitakachopokea mzigo. Mzigo ni uleule.

Je, ni lazima kiwe kitu kigeni? Mwili hauna vibebaji vyake?

Unavyo. Albumini, protini iliyojaa kwenye damu, hupita kwenye limfu kila siku. Wapasuaji wana rangi ya buluu wanayodunga karibu na uvimbe ili kuona tezi ya limfu ya kwanza, na rangi za aina hiyo hufika huko kwa kuidandia albumini. Darrell Irvine na wenzake, wakati huo wakiwa chuo kikuu cha MIT, Marekani, wakaunganisha antijeni na kichochezi kwa mkia wa mafuta unaoishika albumini, na mwaka 2014 wakaonyesha kwa panya kwamba chanjo hufika tezini kwa wingi zaidi. Wazo hilo limefikia binadamu: chanjo ya ELI-002, inayolenga mabadiliko ya kinasaba cha KRAS, ilijaribiwa kwa watu 25 wenye saratani ya kongosho au ya utumbo mpana, na 21 kati yao walionyesha mwitikio wa seli T. Chanjo hii haitengenezwi upya kwa kila mgonjwa. Kwa nchi zetu naona hiyo ni sifa kubwa kuliko nyingine zote.

Mbona tunasikia mafanikio tu? Hakuna zilizoshindwa?

Zipo, na zinafundisha kuliko zilizofaulu. Tecemotide, chanjo iliyobebwa kwenye liposomu, yaani vifuko vidogo sana vya mafuta, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,500 wa saratani ya mapafu, na matokeo ya 2013 hayakuonyesha faida ya kuaminika. Chanjo ya MAGE-A3 ya kampuni ya GSK, nayo yenye kichochezi cha liposomu, ilisitishwa 2014 baada ya jaribio la watu zaidi ya 2,000.

Halafu kuna somo lililowashtua wengi. Kwa miaka mingi antijeni zilichanganywa na mafuta mazito ya madini ili zikae muda mrefu pale zilipodungwa. Ilidhaniwa kwamba kadiri zinavyokaa ndivyo bora. Mwaka 2013 kikundi cha Willem Overwijk, Houston, kilionyesha kwa panya kwamba seli T zilizofundishwa vizuri ziliacha kwenda kwenye uvimbe, zikarudi pale palipodungwa sindano, zikanasa na kufa hapo. Chanjo yenyewe ilikuwa imegeuka shabaha. Walipotumia mchanganyiko wa maji unaoisha upesi, seli T zilielekea kwenye uvimbe. Kwa hiyo mtu akikuambia kibebaji chake "hukaa mwilini miezi mingi", muulize kwanza hicho kinachokaa kinafanya nini muda wote huo.

Na kwa chembe ndogo zinazodungwa kwenye damu zikitegemewa zifike zenyewe kwenye uvimbe, takwimu ni za kuvunja moyo. Uchambuzi uliofanywa Chuo Kikuu cha Toronto na kuchapishwa 2016 ulipitia tafiti za miaka 10, ukakuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya dozi inayofika. Sehemu kubwa ya iliyobaki huishia kwenye ini na wengu. Ndiyo maana watafiti wengi sasa wanapendelea kuweka dawa mahali penyewe, au kuilenga tezi ya limfu.

"Mahali penyewe" maana yake nini? Wanaipaka kwenye kidonda?

Karibu hivyo. Upasuaji ukishaondoa uvimbe, mara nyingi hubaki seli chache zisizoonekana, na purukushani ya kidonda kupona huweza kuipunguza nguvu kinga ya eneo hilo. Huko Marekani, kikundi kimoja kiliweka jeli ya asidi ya hayaluroniki yenye dawa za kuamsha kinga kwenye tundu lililoachwa na uvimbe, kingine kikanyunyizia jeli ya faibrini, protini inayogandisha damu. Yote mawili yalifanya vizuri kwa panya.

Kuna pia jeli za kubeba seli T zenyewe. Kikundi cha Matthias Stephan, Seattle, kilitumia aljinati, inayotokana na mwani wa kahawia, kikaloweka humo seli T na kuziweka kando ya uvimbe wa panya. Wasomaji wa Paje na Jambiani wasifurahi mapema: mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyekundu, unaotoa karajinani, siyo aljinati.

Nimesikia kirusi cha kunde kinatibu saratani. Nile kunde kwa wingi?

Kula kunde kwa sababu ni chakula kizuri. Kirusi hicho cha ugonjwa wa majani ya kunde, kilichoripotiwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1959, hakimwambukizi binadamu wala mnyama. Nicole Steinmetz na wenzake, California, hukikuza kwenye mimea, hukisafisha, na hukidunga ndani ya uvimbe. Umbo lake la nanomita 30 hivi hulishtua jeshi la kinga, nalo likishaamka huuona na uvimbe. Kimejaribiwa kwa panya na kwa mbwa wanaougua saratani zao za kawaida. Ukikila hakifanyi lolote kati ya hayo.

Mimi ni Mwislamu. Vibebaji hivi vina kitu cha nguruwe?

Inategemea kibebaji. PLG hutengenezwa kiwandani, aljinati hutoka baharini, na kitosani hutoka kwenye magamba ya kamba na kaa au kwenye kuvu. Jelatini na kolajeni ndizo za kuulizia, kwa kuwa huweza kutoka kwa nguruwe au ng'ombe. Chanjo ya HPV ya Gardasil haina jelatini. Daktari au mfamasia anayo karatasi yenye orodha ya viambato. Omba kuiona bila aibu.

Madhara yake ni yapi?

Kwa chanjo zenyewe, yaliyoripotiwa zaidi ni homa, uchovu, baridi na maumivu palipodungwa, kwa siku moja au mbili. Madhara mazito hutokana zaidi na dawa zinazoandamana nazo: zile za kuondoa kizuizi zinaweza kuifanya kinga iushambulie utumbo, mapafu, tezi ya shingo au ini. Mtu anayetumia pembrolizumab akaanza kuharisha mfululizo au kubanwa pumzi asinunue dawa dukani, arudi hospitali siku hiyohiyo. Tumaini la bayomateriali ni kupunguza hatari hiyo kwa kuibana dawa kali ifanye kazi eneo dogo. Kwa wanyama limeonekana mara nyingi.

Mdogo wangu ana ualbino. Chanjo ya melanoma itamfaa?

Kwa watu wenye ualbino Afrika, saratani ya ngozi inayoonekana zaidi ni ile ya seli za magamba, na melanoma kwao ni nadra. Ikiwahiwa hutibika kwa upasuaji mdogo. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kukaguliwa ngozi mara kwa mara vitamsaidia kuliko chanjo yoyote iliyoko maabara leo. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, melanoma hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, akafariki 1981.

Tiba hizi zitafika kwetu lini?

Tarehe siwezi kukupa, vikwazo naweza. Chanjo ya mtu mmoja mmoja inahitaji maabara ya kusoma vinasaba, kiwanda kinachokamilisha dozi ndani ya wiki chache, mnyororo baridi (majokofu kutoka kiwandani hadi kwa mgonjwa), na fedha. BioNTech ilizindua kiwanda cha mRNA Kigali Desemba 2023, kilichojengwa ndani ya makontena. Hilo ni jambo, ingawa hakikujengwa kwa ajili ya saratani ya mtu binafsi. Matumaini yangu mimi yako kwenye chanjo za pamoja zisizohitaji kutengenezwa upya kwa kila mgonjwa, kama ile ya KRAS.

Naweza kujiunga na majaribio?

Zungumza kwanza na daktari wako wa saratani, hospitali ya Ocean Road (Dar es Salaam), Mulago (Kampala) au popote unapotibiwa. Majaribio halali huandikwa kwenye daftari la umma: la Afrika huitwa PACTR, la Marekani ni ClinicalTrials.gov. Yote hutafutwa bure, kwa jina la ugonjwa na nchi. Lazima kuwe na kibali cha kamati ya maadili na cha mamlaka ya dawa ya nchi, mfano TMDA kwa Tanzania. Utapewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, utaruhusiwa kwenda nayo nyumbani kushauriana na jamaa, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Usisimamishe kemo wala mionzi kwa kusubiri kuitwa. Mtu akikutaka ulipie dawa ya majaribio, ondoka na uwape taarifa mamlaka ya dawa.